Siku Redio Alipokaa Chini

Basi bwana, wito wa mahakama ya rufaa ulipofika, kwamba kesi itasikilizwa Jumanne saa tatu asubuhi, nusu saa kila upande, wakili aliruka mpaka kiatu kikamtoka. Ofisini wanamwita Redio, maana akishawashwa, mtafute wa kumzima! Mteja wake, fundi wa kuchomelea, alikuwa ndani mwaka wa pili kwa wizi wa jenereta ambayo hata hakuigusa. Rufaa ndiyo tumaini la mwisho. Ikigonga mwamba, ni miaka mitano mingine.

Redio akaandaa hoja tano. Tano! Akaenda nazo kwa shangazi yake, mchapaji mstaafu wa mahakama. Miaka thelathini amechapa maneno ya majaji. Shangazi akavaa miwani, akafungua jalada juu ya meza ya kulia.

"Haya, mimi ndiye majaji wote watatu. Anza."

"Waheshimiwa majaji, kama tujuavyo sote..."

"Ukurasa?"

"Shangazi, hata sijafika!"

"Shangazi yako yuko jikoni. Hapa yupo jaji, tena ana njaa. Ukurasa?"

Walirudia mara kumi na moja, simu ya Redio ikihesabu dakika. Mwisho shangazi akavua miwani.

"Sikia, mwanangu. Jaji akisoma ukurasa wako halafu akamtazama mwenzake, kaa chini. Ukiendelea kubwabwaja unampa nafasi ya kubadili mawazo."

"Nikae na hoja nne mkononi?"

"Zikalie."

Jumanne, karani akatoka na orodha. "Leo mashauri ni tisa. Kila upande dakika kumi tu."

Mke wa fundi akamshika Redio mkono. "Wakili, kumi zitatosha kweli?"

"Shemeji, zitabaki!"

Na hakuwa anajitapa. Aliingia kifua mbele, akasimama.

"Waheshimiwa majaji, ukurasa wa sitini na mbili, mstari wa nne. Shahidi pekee anasema alimwona mwizi kwa nyuma, akikimbia. Ukurasa wa mia na tatu, hukumu inasema alimwona usoni. Uso huo ulitoka wapi?"

Karatasi zikafunuliwa, fyaa, fyaa. Jaji wa katikati akasoma. Akarudia. Kisha taratibu akamtazama wa kushoto.

Saa ya ukutani: dakika tatu tu! Jamani, ulimi ulivyomwasha! Hoja ya pili ilikuwa tamu, ya nne ndiyo usiseme. Redio akameza mate.

"Hoja nyingine naziacha kama zilivyoandikwa."

Akakaa.

Wakili wa serikali akainuka na furushi la majibu. "Waheshimiwa, kuhusu hoja ya pili..."

"Hiyo tumeisoma," jaji akamkata. "Wewe tujibu la ukurasa wa sitini na mbili."

Yule bwana akafunua, akafunika, akafunua tena. Furushi lote, na jibu la ukurasa huo halimo!

"Waheshimiwa... ni kweli. Uso hakuuona."

Majaji wakainamiana, wakanong'ona kidogo. "Rufaa imekubaliwa. Aachiwe leo. Sababu tutaziandika."

Mke wa fundi alipiga kelele mpaka askari wa mlangoni akacheka. Nje, Redio akachomoa simu, akaandika: *Shangazi, ameachiwa! Nilikaa!*

Jibu likaingia hapo hapo: *Dakika ngapi?*

*Tatu!*

*Mbili zingetosha. Njoo ule.*