Faili Zilizorudi kwa Dada Mkubwa

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, Mdogo alifuta kioo cha kompyuta yake kwa kitambaa cha miwani, akaweka kikombe cha chai upande wa kushoto, kisha akavuta kutoka kwenye seva kazi mpya ya wenzake kabla hajagusa chochote. Ndivyo alivyofundishwa: usianze kushona kabla hujaona mwenzako amekata wapi. Alhamisi hiyo chai ilikuwa bado inafuka moshi alipovuta, na seva ikamjibu kwamba hakuna cha kuvuta. Alifungua folda ya mradi. Ilikuwa tupu.

Aliitwa Mdogo kwa sababu aliyemfundisha kazi aliitwa Dada Mkubwa. Hawakuzaliwa tumbo moja, lakini walikaa meza moja miaka miwili, na hilo liliwatosha watu wa ofisini. Dada Mkubwa ndiye aliyeandika mfumo wa miadi ya hospitali, faili mia mbili na kumi na nne. Mkataba wake ulipokwisha, wiki tatu zilizopita, haukuongezwa. Mfumo ulikuwa uwashwe hospitalini siku hiyo hiyo, saa nane mchana.

Mdogo hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Aliangalia kama amefungua tawi lisilo lake, yaani nakala ya mradi anayofanyia kazi mtu mwingine. Hapana. Aliangalia kama kuna mtu ameziweka faili kwenye orodha ya vitu ambavyo seva huvipuuza. Hapana. Alishusha mradi wote upya mahali pengine, akapata folda nyingine tupu. Fundi wa mtandao alikuja na tochi mdomoni, akafungua nakala za akiba za juzi, za wiki iliyopita na za mwezi uliopita.

"Nyeupe zote," alisema, akiitoa tochi. "Lakini historia ya mabadiliko ipo. Nani aligusa nini, lini."

"Inasema zimefutwa?"

"Haisemi zimefutwa. Inasema zimetoka. Kamuulize mlinzi."

Mlinzi wa getini alifungua daftari la wanaoingia na kutoka. Alikuwa na mwandiko mzuri. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, faili 214. Kwenye safu ya sababu aliandika: zinakwenda nyumbani.

"Zilipanga mstari vizuri tu, mwanangu. Nikazikagua. Hazikubeba mali ya ofisi, nikafungua geti."

"Zilielekea wapi?"

"Kwa Dada Mkubwa. Kwani kwao ni wapi kwingine?"

Mkuu wa idara alipoelezwa, alitazama saa yake ya mkononi. "Chukua boksi la karatasi, ukazilete," alisema. "Zikigoma, nipigie."

Mdogo alikuwa na haraka, lakini miguu yake ilikwenda polepole. Katika kazi yao, kila mstari hutunzwa pamoja na jina la aliyeuandika, kama mtoto na jina la babake. Siku moja baada ya Dada Mkubwa kuondoka, Mkuu alisimama nyuma ya kiti cha Mdogo akamwambia alitoe jina la Dada Mkubwa kwenye historia yote, aliweke lake yeye Mkuu, maana wageni wa hospitali wakija kukagua, jina moja linapendeza. Mdogo aliandika amri ya mistari miwili, akabonyeza. Ilichukua sekunde kumi na moja. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya Dada Mkubwa hata moja.

Dada Mkubwa alikaa ghorofa ya tatu. Faili ya kuingilia ilikuwa imelala kizingitini na haikumpisha mtu mpaka ataje neno la siri. Mdogo alilitaja, ikasogea. Nyingine zilijaa sebuleni, kila moja na ukubwa wa kipande cha sabuni, vuguvugu, zimekaa kwenye kochi, ndani ya masufuria na juu ya fimbo ya pazia. Faili ya kalenda ilitangaza kwamba leo ni Alhamisi. Faili ya makosa ilimwambia kamba ya kiatu chake cha kulia imefunguka, na ilikuwa kweli.

Dada Mkubwa alikuwa anakunja nguo. "Karibu. Angalia usizikanyage hizo za majaribio, zinapenda miguu ya watu."

"Za siku, Dada?"

"Za siku nikuulize wewe uliyepotea."

"Nimetumwa."

"Naliona boksi."

Mdogo alipiga magoti, akaanza kuzipanga. Kila alipotia ishirini, kumi na tisa zilipanda ukingo zikatoka. Akampigia Mkuu.

"Zinataka nini?" aliuliza Mkuu.

"Labda tukilirudisha jina..."

"Jina libaki lilivyo. Ripoti zimeshachapishwa." Akakata.

Dada Mkubwa alikunja shati, akalilaza juu ya mengine.

"Dada, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Niambie."

"Boksi ni dogo."

"Ni dogo kweli," alisema Dada Mkubwa. Akakunja soksi. "Hospitali wanaanza saa ngapi?"

"Saa nane. Watu wameshaanza kupanga foleni."

Dada Mkubwa alishusha pumzi, akapiga makofi mawili. "Haya, inukeni. Mgonjwa hajui nani aliandika nini, anajua mgongo unamuuma. Nendeni kazini. Jioni mtarudi."

Faili zilishuka ngazi moja baada ya nyingine. Ya makosa ilikuwa ya mwisho, ikinung'unika kwamba ngazi hazilingani.

Saa nane kasoro dakika nne Mdogo alivuta tena, zikaja zote mia mbili na kumi na nne. Fundi wa mtandao alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mdogo alikunywa chai ya asubuhi, baridi hivyo hivyo, akaiona tamu. Saa nane na dakika sita bibi mmoja alipewa miadi ya kwanza, ya mgongo. Wageni wa hospitali waliikagua historia, wakaona jina la Mkuu kwenye kila mstari, wakampigia makofi, naye akayapokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo faili hutoka saa kumi na mbili jioni, hospitali ikifunga miadi, na kabla ya saa moja asubuhi zimesharudi. Mlinzi amezitengea ukurasa wake. Mkuu ametia saini ruhusa, kwa kuwa mfumo haujawahi kwenda kasi namna hiyo. Jina hakulirudisha.

Jumatano iliyofuata Mdogo alizifuata nyuma, akapanda nazo ngazi. Dada Mkubwa alikuwa mlangoni anahesabu.

"Mia mbili na kumi na tatu, mia mbili na kumi na nne. Mbona na wewe? Umetumwa nini tena?"

"Leo sijatumwa."

Mdogo alishika ukuta. Maneno yalipoanza kutoka, alisikia mabega yake mwenyewe yakishuka kama ya mtu anayetua ndoo.

"Jina lako nililifuta mimi, Dada. Mkuu aliagiza, lakini ningeweza kukataa, nikaogopa. Halafu nikaona aibu kupokea simu zako. Nisamehe. Nimekukumbuka mno."