Mrija wa Kwanza

Okiror alikuwa hajaanguka kwa miezi saba. Vidonge vya kifafa vilikuwa vikifanya kazi. Muuguzi wa zahanati alimwambia wazi mbele ya mkewe, Akiteng: kimoja kila jioni, na pombe aisahau kabisa, kwa sababu vyote viwili humlaza mtu, na vikikutana tumboni hata pumzi hulala. Okiror akaitikia. Kuitikia hakukuwahi kumshinda.

Shida ililetwa na heri. Wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yao, Amoding, hapo kwao nje kidogo ya Malaba, ambako foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda hufika karibu na ua. Na kwa watu wao, mgeni hagusi chungu cha ajono, pombe ya wimbi, kabla mwenye boma hajavuta mrija wa kwanza. Ndivyo anavyoonyesha kwamba hakuna sumu.

"Vuta mara moja tu, halafu uweke mrija chini," Akiteng alimwonya. Kusema sababu ya kutokunywa hakukuwezekana, kwani ugonjwa wenyewe waliuficha miaka kumi. Watu husema kifafa hutembea kwenye damu, na mdomo wa watu hauna dawa.

Okiror alivuta mara moja. Kisha Oriokot, baba wa kijana, akaanza kusimulia visa vya ujana wake, na mrija ukabaki mdomoni. Kufika saa nane mchana, kidevu cha Okiror kilikuwa kimegusa kifua.

"Mkwe ameshindwa na chungu mapema hivi!" Oriokot alisema. "Na sisi ndio tunaanza!"

Wageni wakacheka. Akiteng naye akacheka, Mungu amsamehe. Ila alipoingia ndani kuchukua maji ya moto ya kuongeza chunguni, aliona karatasi ya dawa juu ya kabati. Jana usiku vilikuwa vidonge kumi. Sasa vilibaki viwili. Mwanamume huyo, kwa kuogopa kuanguka mbele ya wakwe, alikuwa amemeza vinane, mtu mzima na akili zake.

Alitoka mbio na karatasi mkononi, akamtikisa mumewe. Midomo ilikuwa imepauka. Pumzi moja ilikuja, akangoja sana kabla ya nyingine. Alipoinua uso, Amoding alikuwa anamtazama, na macho yake yalimwomba asiseme. Akiteng aliogopa mno, lakini alisema.

"Hajalewa. Ako na kifafa. Amemeza dawa ya kifafa mingi, halafu akaweka pombe juu yake. Anakufa hapa na sisi tunacheka. Nani ako na gari?"

Mirija yote ilitoka midomoni. Oriokot ndiye aliyeinuka wa kwanza.

"Mlazeni kwa ubavu!" alisema. "Na hiyo karatasi ya dawa mkuje nayo, daktari ataitaka." Akamshika Okiror kwapani, wakambeba hadi kwenye gari lake.

Hospitalini alisaidiwa kupumua kwa siku mbili. Siku ya tatu aliamka akaomba uji, na Akiteng akalia kwa hasira na furaha pamoja.

Wakwe wakanyamaza wiki tatu. Amoding alipika, akaosha vyombo, na hakumsemesha mama yake. Akiteng hakumlaumu, ila iliuma.

Wiki ya nne Oriokot alituma habari kwamba wanakuja. Akiteng alipika pombe nyingine. Siku ilipofika, Okiror aliketi mbele ya wageni na kikombe cha chai, mnyonge, chungu kikitoa mvuke katikati yao. Hakuna aliyekigusa. Akiteng akapiga magoti ili avute yeye mwenyewe.

"Acha, mama Amoding," Oriokot alisema. "Hiyo ya kwanza ni ya kuonyesha hamjatuficha kitu. Si ulishamaliza siku ile?"

Akachukua mrija wake akavuta kwa muda mrefu, kisha akamsogezea Okiror bakuli la sukari.