Koti la Daktari Muchangi

Siku ya soko mjini Ishiara, wauza ndengu walipokuwa wakitandaza magunia yao kando ya barabara, Ednah Ruguru alifungua mlango wa kliniki, akafagia vumbi, akachemsha vyombo vya kufungia vidonda, kisha akamimina chai kikombeni na kuiweka mbele ya koti.

Lilikuwa koti jeupe la mikono mirefu, na lilikaa kwenye kiti cha magurudumu katika chumba namba moja. Daktari Muchangi ndiye aliyelitundika hapo mwaka alioifungua kliniki. Ulikuwa ujanja ule ule wa maofisini: bosi akitoka huacha koti mgongoni mwa kiti, ili anayeuliza aambiwe kwamba mwenyewe yuko, amechomoka kidogo tu. Mabosi wengine hulirudia koti jioni. Muchangi hakulirudia. Alikwenda Embu mjini akafungua kliniki nyingine na kuacha koti jingine, kisha Runyenjes, na huko nako akaacha koti.

Koti la Ishiara lilivumilia, halafu likaanza kujaa. Lilijaa mabega, kifua, mwishowe mikono. Halikuota kichwa wala miguu. Lilijifunza kuinua mkono kujibu salamu na kugeuza kiti mgonjwa anapoingia. Asubuhi moja Kinyua, aliyekuwa mfagizi na mlinzi wa kliniki, alilikuta limeshika kalamu.

"Sista, daktari ameanza kuandika," alisema.

"Anaandika nini?"

"Sahihi tu."

Ednah alishukuru. Kulikuwa na dawa ambazo sheria ilizitakia sahihi ya daktari, na kumfuata Muchangi kwa simu kulikuwa kazi kubwa kuliko kutibu. Kuanzia siku hiyo Ednah alipima, akatambua ugonjwa, akachagua dawa, na koti likatia sahihi. Halikusoma kilichoandikwa. Liliweka wino pale alipolionyesha, likarudi kutazama dirisha.

Wala si kwamba Ednah alibahatisha. Alianza na diploma ya uuguzi, akafanya digrii, akarudi tena chuoni kusomea shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya familia, ile inayomfunza mtu kumshughulikia mgonjwa tangu akiwa tumboni mwa mama yake hadi anapotembelea mkongojo. Vyeti vyake vilining'inia stoo, juu ya ndoo za kupigia deki. Ukuta wa chumba namba moja ulikuwa wa vyeti vya koti.

Siku hiyo ya soko mgonjwa wa kwanza alikuwa Cucu Ciakuthii, bibi wa kutoka ng'ambo ya mto, aliyebeba kuku kwapani. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alipokuja mara ya kwanza mguu wake ulikuwa na kidonda kinachonuka, na katika hospitali mbili walikuwa wamemwambia utakatwa. Ednah alikisafisha kidonda hicho msimu mzima wa kiangazi. Alimbadilishia dawa, akamfuata hadi jikoni kwake kuona anakula nini, akamfundisha mkaza mwana wake kumkagua nyayo. Sasa Cucu alitembea mwenyewe, akaupita mkono wa Ednah ulionyooshwa kumsaidia, akaenda moja kwa moja kwa koti na kulipakatisha kuku.

"Daktari, Mungu akuzidishie," alisema. "Umeniokolea mguu."

Koti liliinua mkono.

"Na wewe, mwarĩ wakwa, binti yangu," Cucu akamgeukia Ednah, "una mikono laini. Endelea kumsaidia. Siku moja utajua kama yeye."

Ednah alimkalisha, akamfungua bendeji. Alikuwa amebana meno hivi kwamba taya lilimuuma hadi mchana.

Ni kuku huyo aliyemfanya aamue kujitegemea. Gachoka, alikozaliwa, hakukuwa na kliniki ya maana. Wanawake walifunga safari na watoto wenye homa mgongoni, na wengine walirudi wakiwa wamewabeba vivyo hivyo, ila watoto wakiwa kimya. Ednah alikuwa amekodi vyumba viwili huko, akapaka kuta rangi, akaweka sinki na kitanda cha kupimia. Kilichobaki ni leseni kwa jina lake. Aliiomba. Ofisi ya wakaguzi ikajibu kwamba shahada zake ni halali na hazina doa, lakini lazima daktari anayemsimamia amthibitishe mbele ya mkaguzi.

Akampigia Muchangi simu.

"Si koti liko?" Muchangi alisema. Nyuma yake kulisikika vijiko na watu wakicheka.

"Daktari, koti haliongei."

"Basi mtaelewana. Mimi nililiachia kila kitu."

Mkaguzi alikuja kutoka Meru. Aliitwa Kaberia, mtu mwenye adabu, aliyejifuta viatu kabla ya kuingia. Alilisalimu koti kwa mkono, akaomba waachwe faraghani. Ednah na Kinyua walisimama nje wakisikiliza ukimya ukipita chini ya mlango. Kaberia alipotoka uso wake ulikuwa wa huruma.

"Sista, nimemuuliza daktari kama uko tayari kujitegemea."

"Akasemaje?"

"Amesita."

"Hajasita. Ni koti."

"Nilimpa muda wa kutosha," alisema Kaberia. "Mtu mwenye neno zuri la kusema angelisema. Nitarudi wiki ijayo, pengine atakuwa amefikiria."

Alipoondoka Kinyua alitema mate kando.

"Livae tu, Sista."

"Nivae nini?"

"Koti. Si shida ni kwamba halina mdomo? Wewe unao, na wiki nzima hii sisi ndio tunausikia."

Siku ya mkaguzi kurudi, Ednah alilivaa. Lilikuwa zito kama blanketi lililonyeshewa, na mikono yake ilimshika kwa ndani, kama mtu anayezuia asiondoke. Alijitazama kwenye kioo cha sinki akaona kola, na juu ya kola akaona ukuta. Kinyua aliingia na kikombe cha chai, akakiweka mezani.

"Habari ya asubuhi, daktari," alisema. "Umemwona Sista?"

"Kinyua, ni mimi. Wewe ndiye uliyenishauri."

"Sawa, daktari," alisema Kinyua, akatoka kwenda kumtafuta Sista uani.

Kaberia aliingia, akajifuta viatu, akasalimia, akaketi.

"Nataka kuzungumzia muuguzi wangu," Ednah alisema. Sauti ilikuwa yake ile ile.

"Afadhali leo unaongea, daktari. Nakusikiliza."

"Yeye ndiye anayetibu hapa. Wagonjwa wote. Amesomea kazi hii miaka mingi na shahada zake mnazo. Mpeni leseni afungue Gachoka."

"Amesoma, nani anabisha?" alisema Kaberia. "Faili lake linaushinda uzito wako na wangu tukiwekwa pamoja."

"Basi kuna tatizo gani?"

Kaberia alisogeza kiti, akapunguza sauti kama watu wafanyavyo wakibaki wenyewe kwa wenyewe.

"Daktari, tusidanganyane. Nikimwachilia huyu aende zake, hapa atabaki nani wa kufanya kazi yako?"

Ednah alihisi damu ikimpanda hadi kwenye masikio yake, ambayo hayakuwa yakionekana.

"Kama kazi yangu inafanywa na yeye," alisema polepole, "basi leseni iliyo ukutani ni ya nani?"

"Yako."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu iko ukutani."

"Na nikisema mimi siitaki? Nikisema ni uongo, ing'oeni?"

Kaberia alicheka kwa heshima, kama mtu anayecheka mzaha wa mkubwa wake. "Daktari, wewe una maneno! Leseni hainyang'anywi mtu kwa kutofanya kazi. Tungefunga nusu ya kaunti."

Ednah alilivua. Halikutaka kutoka. Alivuta mkono mmoja, kisha wa pili, mshono ukalia kwapani, na hatimaye akalitupa kitini. Koti lilijinyoosha, likakaa. Kaberia hakushtuka. Alisimama kumsalimia.

"Sista, karibu. Tulikuwa tunakuzungumzia. Daktari amekusifu sana."

"Ni mimi niliyekuwa ndani."

"Najua," alisema Kaberia. "Niliona viatu vyako tangu mlangoni."

"Umejua, na bado..."

"Viatu havina leseni, Sista."

Alisema hivyo bila ubaya, akaaga, akaliaga na koti pia. Ednah alichukua kikombe cha chai akakivurumisha ukutani. Kilipasuka juu ya cheti chenye fremu, chai ikateremka kwenye kioo, na chini ya kioo cheti kikabaki kikavu. Kinyua alileta kitambaa, akapangusa. Mgonjwa mwenye presha alikuwa akingoja nje, kwa hiyo Ednah alikwenda kumpima.

Jibu la ofisi lilikuja mvua za vuli zilipoanza. Ilikuwa habari njema, kila mtu alisema. Baada ya kuzingatia sifa kubwa alizomwagiwa muuguzi na uhitaji wa watu wa Gachoka, ofisi ilikuwa imekubali kliniki ifunguliwe katika vyumba vile vile viwili, chini ya koti jipya, na Ednah Ruguru apelekwe huko kulisaidia. Pale Ishiara wangetafuta muuguzi mwingine. Muchangi alipiga simu mwenyewe kumpongeza. Ednah alimwambia neno ambalo mama yake angemchapa akilisikia, na Muchangi akajibu kwamba mtandao ni mbaya huko bondeni.

Alifikiria kukataa. Alifikiria kuuza kitanda cha kupimia, kubandua sinki, kuhamia nchi ambako watu husoma jina lililo kwenye cheti. Aliwafikiria wanawake wa Gachoka na safari ya kurudi nyumbani kimya. Akaenda, na hasira akaenda nayo.

Koti la Gachoka lilifika kwa gari la vifurushi, likiwa bado na lebo ya duka kwenye kola. Watu walisema ni daktari kijana lakini anaonekana makini. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Maxine, mama wa mtoto aliyekuwa akihema haraka, mbavu zikiingia ndani kwa kila pumzi. Maxine alipitia kwanza kwa koti, akainama kidogo kulisalimu.

"Usipoteze wakati hapo," Ednah alisema kwa ukali. "Hilo ni koti tu."

"Najua ni koti, Sista," alisema Maxine. "Kwani kuna asiyejua?"

Akalinyoosha kola, likakaa vizuri, kisha akampa Ednah mtoto.