Mapovu Kwenye Chupa ya Alizeti

Mara tatu sanduku lilishuka kutoka darini mwa ghala, na mara tatu mapovu yalipanda kwenye chupa kama kawaida yao.

Luciana alitoa sandukuni simu iliyokuwa ikirekodi ile chupa ya mafuta ya alizeti humo ndani, akatazama video. Asubuhi alikuwa amemweleza baba yake kwamba kitu kikidondoka bila kuzuiwa, vilivyomo ndani huwa kama havina uzito, na mapovu husimama palepale. Yeye alitaka kujua metali nyepesi na nzito huchanganyikaje katika hali hiyo. Maabara moja ya Ujerumani ilikuwa tayari kumchukua kwa miaka minne, mradi video ifike kabla ya jioni.

Miaka minne! Baba yake, Kalisti, aliyeshika kamba huko juu, alikuwa ameihesabu kwa vidole. Mkewe alizikwa kijijini Mwazye. Nyumbani walibaki wawili tu.

"Labda hesabu zangu ndizo mbovu," Luciana akasema. "Basi, baba. Shuka."

Maneno hayo yalimchoma Kalisti. Miaka thelathini alikuwa akishusha magunia ya mahindi katika ghala hilo la Laela, na halijapasuka hata moja, kwa sababu mkono wake huibana kamba tangu gunia linapoanza kushuka. Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Lakini kusingizia mazoea peke yake kungekuwa uongo. Mara ya kwanza mkono ulibana wenyewe. Mara ya pili na ya tatu aliubana yeye.

"Hesabu zako ni nzima," akasema. "Nilikuwa nabana kamba."

"Lakini baba, chini kuna godoro. Sanduku haliwezi kuvunjika."

"Najua. Sikuwa naogopea sanduku."

Luciana alirudisha simu sandukuni, akafunga kifuniko. Kalisti akalivuta sanduku hadi juu, akafunga kamba kwenye boriti, akachomoa kisu cha kukatia nyuzi za magunia. Mkono wake hakuuamini tena. Kisu, angalau, hakina mtoto.

Akakata. Sanduku likatua puu!

Akashuka, wakatazama pamoja. Kwa muda usiofika sekunde moja, mapovu yalisimama, makubwa kwa madogo, yametulia tuli. Luciana akapiga kigelegele hadi wachuuzi wa kituo cha mabasi hapo nje wakageuka. Kalisti alifurahi, na furaha yenyewe ikamuuma.

"Tuma," akasema.

"Ngoja kwanza niirudie, nione..."

"Tuma sasa hivi, mwanangu, kabla sijakuomba ubaki."