Vitako vya Mkuyu Mbichi

Asubuhi kamanda alipofika, Muzee Katsuva alikuwa akichonga mguu wa kiti cha bibi harusi, na mkewe Mbambu alikuwa akichemsha maharagwe nyuma ya karakana kwa moto wa takataka za mbao. Ilikuwa vita, lakini watu wa Bunia waliendelea kuoana, na bibi harusi haketi chini.

Katsuva alitoka Butembo akiwa kijana, na tezo ya mjomba wake begani. Milango ya makanisa, ngoma, viti vya machifu wa pande zote mbili ambazo sasa zilikuwa zinauana, vyote vilipita mikononi mwake. Sheria yake ilikuwa moja tu: mti mbichi hauingii karakanani. Gogo lilikaa darini, juu ya jiko la Mbambu, mpaka lisahau msitu, ndipo alipoligusa. Wateja walimtukana kwa kuwachelewesha, kisha wakarudi na watoto wao, maana kiti chake hakikupasuka.

Kamanda Guelord alieleza shida yake kwa heshima. Kundi lake lilikuwa limeuteka mji na kukuta ghala la bunduki lililoungua. Chuma kilikuwa kizima, lakini mbao zilikuwa majivu. Alihitaji vitako vipya, mbao za kuegemeza bunduki begani. Katsuva akajibu kwamba yeye ni fundi wa viti. Guelord akazitazama mbao zilizoegemezwa ukutani, akapunguza sauti.

"Muzee, mukwe wako iko pale nyuma ya mbao. Siye tunajua. Weye utatengeneza kazi yetu, na yeye atabakia pale pale."

Ni kweli alikuwa pale. Félicien, mwalimu, mume wa binti yao Alliance, alizaliwa upande ambao mwaka ule haukutakiwa mjini. Alliance alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda Uganda na watoto. Mama yake Félicien alibaki kijijini, njia ya Boga, kwa sababu hakuna aliyeweza kumtenganisha na mihogo yake.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, Katsuva akamwambia mkewe. Lakini alikuwa na hila. Hakushusha gogo lolote darini. Alikwenda uani, akakata mikuyu ya ua iliyokuwa ikichuruzika utomvu, akachonga vitako, akavipaka mawese na masizi vikang'aa kama vya kiwandani. Mkuyu mbichi ungepasuka mapema, na bunduki ingebaki kipande cha chuma. Ilikuwa kazi mbovu ya kwanza maishani mwake, na aliionea haya ingawa aliikusudia.

Vitako havikupasuka. Vilichipua.

Kwanza yalitoka majani karibu na kifyatulio, kisha tawi. Askari wa vizuizini walianza kugombana na mbuzi. Aliyesimamisha bunduki chini na kusinzia alilazimika kuing'oa kwa jembe. Guelord alirudi kulalamika kwamba majani yanamziba macho mtu anayelenga, na Katsuva akamwonyesha mahali pa kupogoa, kwani ukimwuliza fundi jambo la mti hawezi kunyamaza. Mbambu alimkazia macho anyamaze, lakini alikuwa amechelewa.

Mvua zikanyesha, majani yakazidi, na Guelord akaacha kupogoa. Jumapili moja alikuja na paja la mbuzi, akicheka. Walikuwa wamekwenda kijiji kile cha njia ya Boga. Walipita katikati ya mashamba mchana kweupe, na hakuna aliyekimbia, maana watu waliona kichaka cha mikuyu wakaendelea na shughuli zao. Mama mmoja anayechechemea alitoka mwenyewe na panga, akitaka tawi la kupanda kwenye ua wake. Alikuwa wa kwanza kufa. Guelord alisifu kazi ya muzee, akasema katika maisha yake hajaona kazi nzuri namna hiyo. Aliagiza vitako vingine, vya mti uleule. Mti mkavu, alisema, hautaki kabisa.

Alipoondoka, Félicien alitoka nyuma ya mbao. Alikuwa amesikia yote, na mama anayechechemea kijijini kwao alikuwa mmoja tu.

"Papa, mama alifikiri ile ni muti."

"Ilikuwa muti kweli," alisema Katsuva.

Wakakaa. Mbambu alileta maji, hakuna aliyekunywa. Katsuva alijuta, na alilisema jambo hilo, kwa sababu kulinyamazia kungekuwa uongo wa pili.

"Ningechonga muzuri, ya mbao kavu, watu wangeona bunduki. Mama yako angekimbia."

Félicien alirudi nyuma ya mbao. Hakuweza kwenda kuzika, kwani kizuizi cha kwanza kilikuwa mwisho wa barabara yao, kimejaa kivuli cha mikuyu.

Kesho yake, kwa kuwa bei ya Félicien kubakia pale pale ilikuwa vitako vile, Katsuva alikata mkuyu mwingine wa ua, akaulaza juu ya meza ya kazi. Mti ulicheza, tezo ikaruka, ikakwaruza meza. Akajaribu tena, ikaruka tena. Félicien alitoka nyuma ya mbao, akaja upande wa pili wa meza, akaugusa ule mti kwa vidole.

"Iko mubichi," alisema.

"Mubichi sana."

Félicien akaushika kwa mikono yote miwili, akaukaza usicheze, na mzee akaanza kuchonga.