Hereni Inayovuta Maji

Fundi alikuwa akizibua jeti za kabureta kwa njia yake ya siku zote: anaziloweka kwenye petroli ndani ya kopo la maziwa, anaziinua moja moja kwenye mwanga wa mlango, anachungulia tundu, kisha anapuliza. Jeti ni kiskrubu cha shaba ya njano, kidogo kama punje ya hindi, chenye tundu jembamba katikati linalopima petroli inayoingia kwenye injini. Ikisuguliwa kwa majivu hung'aa mpaka mtu akadhani ni dhahabu. Siku hiyo alisugua moja, akaigeuzageuza, akamkumbuka mkewe.

Zawadi zote alizowahi kumpa zilitoka kwenye injini ndogo zilizofia mikononi mwake: bangili za ringi za pistoni, mkufu wa gololi za beringi, pete ya washa, kile kiduara cha chuma cha kwenye plagi. Mke alizivaa zote. Kwenye harusi za watu alitaniwa kwamba akitumbukia kisimani hatoki, naye alijibu kwamba wenzake wamepambwa na sonara wasiyemjua, yeye kapambwa na anayelala naye.

Sasa jeti ilikuwa moja, na masikio ni mawili. Nyingine ya aina ile ile ilikuwa ndani ya pampu ya maji ya mdogo wake, iliyoletwa asubuhi kusafishwa tu, haina ugonjwa wowote. Mdogo wake alilima nyanya kwenye shamba la kukodi, na pampu ile ndiyo iliyokuwa mvua yake. Fundi aliitoa jeti, akafunga nyingine yenye umbo hilo hilo lakini tundu dogo zaidi, akijiambia ni ya kushikizia mpaka apate inayofaa. Pampu iliwaka. Mdogo wake alishukuru, akaitwika begani, akaondoka akipiga mluzi. Jioni hiyo mke alivaa jeti mbili masikioni, hereni mpya.

Injini inayopewa hewa nyingi na petroli kidogo hailalamiki, inachemka tu. Ile ilichemka kimya kimya wakati wa jua kali, nyanya zikiwa ndiyo kwanza zinatoa maua, mpaka pistoni ikashika ndani ya silinda, haiendi mbele wala nyuma. Fundi aliifungua mwenyewe, mdogo wake akiwa amesimama kando. Aliona alichokuwa akikijua kabla hajashika spana, akasema imezeeka, siku zake zimefika. Mdogo wake hakuuliza. Tangu utotoni aliamini kila alichoambiwa na kaka yake kuhusu chuma.

Hereni ya kulia ilianza kutoa maji siku hiyo hiyo.

Mwanzoni yalikuwa matone, na mke alidhani ni nywele hazijakauka. Kesho yake, wakati ambao shemeji yake alikuwa amezoea kuwasha pampu, hereni ilikohoa, ikanguruma, ikamimina maji ya baridi begani kwake. Akasogeza beseni. Hereni ya kushoto, iliyotoka kwenye injini iliyokufa kifo chake yenyewe, ilibaki kavu.

Mtaa ulizoea upesi. Mabomba ya mtaa ule yalikuwa ya mapambo, kwa hiyo majirani walikuja na ndoo, wakapanga foleni mlangoni, wakamwomba ainamishe shingo vizuri yasimwagike. Mwanamke wa nyumba ya pili alilalamika tu kwamba yana mchanga kidogo. Mke alijifunza kumenya viazi akiwa ameinama upande mmoja, na mafundo ya shingo alikandwa na mumewe jioni.

Lakini hakuwa mjinga. Siku moja, beseni likiwa mapajani, alimuuliza mumewe hereni ile aliitoa wapi. Fundi alimweleza yote, kwa sababu kumdanganya mtu aliyelowa bega ni vigumu. Beseni lilipojaa, mke alilisogeza kando. Alitaka kuivua airudishe ilikotoka, akaambiwa haisaidii tena, silinda imeshachubuka.

"Basi mwambie," alisema. "Mwenzio anajilaumu. Kila mtu anamwambia kwamba hakuitunza."

"Nitamwambia."

Fundi alipanga kusema Ijumaa. Ijumaa ilipofika akapanga kusema akiwa na pampu nyingine mkononi, ili maneno yapungue uzito, na pampu nyingine haikupatikana. Nyanya zilikauka zikiwa bado changa, mwenye shamba akalikodisha kwa mtu mwingine. Fundi alijuta. Alijuta akila, alijuta akipuliza jeti za watu, na majuto yote hayo hayakumsogeza hata kidogo kuelekea nyumbani kwa mdogo wake.

Mwishowe mdogo wake ndiye aliyekuja, kuaga. Alikuwa amepata kibarua cha kuvunja kokoto kwenye machimbo ya mbali, na lori la vibarua lilikuwa likisubiri kwenye kona. Alikaribishwa chai. Alipoinua kikombe hereni ikakohoa, ikanguruma, maji yakaanza. Kikombe hakikufika mdomoni.

"Hii ni pampu yangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeliona shati lake kwenye kamba ya jirani.

Mke alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sakafu iliyolowa.

"Pampu za aina ile zote zinalia hivyo," alisema fundi.

"Kumbe."

Akamalizia chai, akamshukuru shemeji yake, akatoka. Mke hakugombana. Alijaza chupa kutoka sikioni mwake, akaifunga, akamkabidhi mumewe, akamwambia amkimbilie, na safari hii asirudi na kitu kifuani.

Fundi alikimbia. Alimkuta mdogo wake juu ya lori, kati ya wanaume walioketi juu ya mabegi yao, akamrushia chupa. Injini ya lori ilikuwa inawaka vibaya, na fundi alijua inaumwa wapi kabla hajaamua kusikiliza. Alifungua mdomo. Mdogo wake alikunywa nusu, akampa aliyekaa naye nusu nyingine, akafuta midevu.

"Kaka, mwambie shemeji hereni asiivue wakati inatoa maji," alisema akiinama ukingoni. "Ile ukiizima ghafla, kuiwasha tena ni kazi."

Fundi alisema sawa. Lori likaondoka.

Nyumbani alimpa mkewe ujumbe ule kama alivyopewa. Mke alisikiliza bila kusogeza shingo, akauliza kama ni hilo tu walilozungumza. Fundi alisema ni hilo tu, akaondoa beseni lililojaa, akaweka jingine.