Pipa la Vinywaji

Thadei alinipa mimi kazi ya vinywaji, na sababu hakuificha. "Shaame, katika sisi wanne ni wewe tu usiyekunywa pombe. Nikimpa Collins, tutafika Uskoti na makopo matupu." Wakacheka wote kwenye kundi letu la simu, na mimi nikacheka. Hiyo ilikuwa Jumapili, na bado nilikuwa na akili zangu timamu.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku nne. Mitumbwi miwili, watu wanne, mto unaopita katikati ya milima pasipo duka wala barabara, na kulala kwenye mahema kandokando ya maji. Thadei ni nesi, mtu wa Moshi, amekwenda huko mara tatu na sasa anauzungumzia ule mto kama aliyeuchimba yeye. Alituandikia masharti: chupa za kioo marufuku, maji ya kunywa tutachuja huko huko, na vinywaji vyote viingie katika pipa moja la plastiki la buluu lenye kifuniko cha kubana. Pipa akaniletea nyumbani, Neasden, huku ughaibuni. Likakaa sebuleni, na mke wangu Ghalia akaniuliza kama nimeacha udereva naanza biashara ya achari.

Mimi ni Mpemba wa Wete, dereva wa basi mwaka wa kumi na saba huu, na mara ya mwisho kupanda mtumbwi nilikuwa na miaka tisa nikatapika. Nilikubali kwa ajili ya Zephaniah. Yeye ni fundi katika gereji yetu ya mabasi, Mkenya wa Kakamega, na ndiye rafiki yangu mkubwa katika mji huu. Mwaka huu alikuwa amenyamaza sana. Mtu aliyenyamaza akikuomba mwende mahali, unakwenda, hata kama ni kutapika.

Jumanne, Serah mkewe akanipigia simu. Nilikuwa katika mapumziko, nakula mkate ndani ya basi tupu.

"Shemeji, uko pekee yako?"

Mtu akianza hivyo, habari si nzuri. Nikamwambia niko peke yangu.

"Zephaniah ameacha pombe tangu Januari. Hukujua, si ndiyo? Hakuna mtu anajua. Kila Jumatatu akikuambia ameenda kwaya, si kwaya. Ni kikundi cha watu wameacha kama yeye." Akavuta pumzi. "Mwaka jana aliendesha gari akiwa amelewa, na watoto ndani. Nilimwambia, ukionja tena hata kopo moja, mimi na watoto tunaenda kwa dada yangu Luton. Na sikuwa nacheza. Sasa mnaenda huko porini siku nne, na nasikia wewe ndiye wa vinywaji. Nakuomba, shemeji. Isiwe huko. Na usimwambie nimekuambia, ataona nimemvua nguo mbele ya watu."

Tangu saa hiyo sikutulia. Nilikipita kituo na abiria wakapiga kengele mara tatu. Nyumbani nilifungua pipa, nikalichungulia, nikalifunga, nikalifungua tena. Ghalia akasema, "Una nini wewe? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia." Nikalifunga tena. Sisi tumelelewa hivi: ukiiona aibu ya mwenzio unaifunika, unaifunika kwa shuka yako mwenyewe, na wewe ukabaki na baridi. Hata mke haambiwi. Basi nikaamua aibu hiyo niibebe mimi.

Nikaandika kwenye kundi: "Samahani ndugu zangu, dini yangu hainiruhusu kubeba pombe. Tutakunywa chai."

Thadei akajibu hapo hapo. "Tangu lini? Krismasi si wewe uliyenishushia kreti mbili kwenye gari?"

Kweli, nilizishusha. Collins akaniita sheikh, akaweka na picha ya kilemba. Zephaniah naye, ambaye ndiye niliyekuwa namwokoa, akaandika: "Msimlazimishe Shaame. Kila mtu abebe yake." Na Collins akadakia: "Poa. Mimi naleta bia, na wiski ya kuotea moto."

Nilikwenda kuziba ufa, nikaangusha ukuta. Sasa pombe inakuja na haimo tena mikononi mwangu. Niliirusha simu kwenye kochi, nikaiokota, nikaandika kwamba hapana, nimetubu, nitaleta mimi kila kitu, bia na yote. Wakacheka tena. Jumatano yote nilikuwa mtu wa hasira. Nilimfokea mwanamke mmoja kwa sababu ya kigari cha mtoto, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na mpaka leo naikumbuka sura yake.

Alhamisi, siku moja kabla ya kuondoka, nikaenda Kingsbury kwa Mzee Jaswant. Duka lake lina kila kitu, kuanzia dengu mpaka wiski, na yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Nakuru, Kiswahili chake hakijui kuchoka. Nikamwambia nataka vinywaji vya safari, vyepesi, visivyovunjika, na, nikapunguza sauti, nataka bia ambayo si bia.

Akanipeleka rafu ya nyuma. "Hii hapa. Sifuri. Sifuri kabisa. Rangi ile ile, povu ile ile, harufu ile ile. Hata mlevi mwenyewe hatajua."

Nilifurahi mpaka nikamshika bega. Mimi ambaye pombe sijaionja hata kwa bahati mbaya, nikaona nimepata dawa. Thadei na Collins watakuwa na makopo ya kushika na kelele za kupiga. Zephaniah atakuwa salama. Hakuna atakayeuliza, hakuna atakayejua, kila mtu amesitirika. Nikapanga makopo ishirini na manne kwenye toroli. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nilijisikia naimba.

Nilikuwa nimesahau kwamba Zephaniah alisema atanifuata na gari lake, kwa kuwa mimi sina gari, nimechoka na magari. Akaingia saa kumi kasorobo, moja kwa moja kutoka kazini, mafuta meusi bado kwenye kucha. Hakunisalimu. Aliangalia toroli. Akachukua kopo moja, akaligeuza, akasoma, akalirudisha taratibu mahali pake. Kisha akatoka nje.

Nikaliacha toroli katikati ya njia, nikamfuata. Alikuwa amesimama kando ya kituo cha basi, mikono mifukoni.

"Serah amekuambia," akasema.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Ameniambia nini? Hizo si pombe, yakhe. Mimi na dini yangu nimeona bora..."

"Shaame. Wacha."

Nikaacha.

"Unajua hiyo sifuri ni nini? Mwezi wa tano nilikunywa hiyo hiyo. Nilijiambia si pombe, si imeandikwa hapo? Nikanywa moja, mbili. Lakini ile povu ikigusa mdomo, mwili unakumbuka kila kitu. Ya tatu nikaenda kununua ya ukweli. Nilimaliza sita ndani ya gari, nikalala hapo hapo kwa kiti. Serah anadhani nilikuwa na shifti ya ziada."

Haya zilinipanda mpaka shingoni. Nilikuwa karibu kumnunulia rafiki yangu, kwa mapenzi yangu yote, kitu kile kile kilichomwangusha, na nikimchekea juu yake.

"Sikujua. Wallahi sikujua. Mimi hata ladha yake siijui."

"Ungejuaje? Hukuniuliza." Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Hakuna mtu ananiuliza. Serah ananinusa. Pasta ananiombea. Wewe unanidanganyia watu. Wote mnanizunguka, na mimi niko hapa katikati na mdomo wangu."

Mimi nikikosea hukasirika kwanza, ndiyo tabia yangu mbaya, Ghalia ataitolea ushahidi. Nilitaka kumwambia kwamba siku tatu sijalala kwa ajili yake. Nilitaka kumwambia nimeitwa sheikh mbele ya watu. Basi la 183 likasimama, dereva ananijua, akanipungia mkono, nami nikampungia kama mjinga. Lilipoondoka hasira ilikuwa imepungua.

"Haya," nikasema. "Nakuuliza. Wataka tunywe nini huko?"

Akatoa mikono mifukoni, akaitazama. Nadhani hakuwa ameliandaa jibu, maana hakutarajia swali.

"Kitu cha moto," akasema. "Cha jioni. Mchana sina shida, mchana kuna kasia. Ni jioni, watu wakikaa chini, mkono unaanza kutafuta. Si koo, Shaame, ni mkono. Nataka kikombe kikubwa cha bati, cha moto, cha kushika na mikono miwili."

Tukarudi ndani. Tukayarudisha makopo kwenye rafu moja moja, Mzee Jaswant akitutazama juu ya miwani, na kwa uso wake hakupendezwa hata kidogo. Tukachukua kokoa. Tukachukua maziwa ya unga, ukwaju wa kuroweka kwa ajili ya mchana, na vikombe vinne vya bati. Kwenye chai tukagombana. Mimi nilitaka iliki na mdalasini, yeye akataka majani makali ya Kericho na maziwa nusu kwa nusu, nikamwambia chai ya Kikenya ni maziwa yaliyooneshwa majani kwa mbali. Alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo, na nikajilaumu kwamba nilikuwa sijaona kama amekoma kucheka.

Hapo simu yangu ikalia. Collins: "Sheikh, makopo mangapi?"

Nikaanza kuandika kwamba duka limeishiwa. Vidole vyenyewe vilikwenda, havikuningoja. Zephaniah akasoma juu ya bega langu, akatoa simu yake, akaandika haraka: "Mimi niliacha pombe Januari. Nikaanguka mwezi wa tano. Naomba tusibebe."

Nikamshika kifundo cha mkono kabla hajatuma. "Andika Januari, inatosha. Mwezi wa tano una haja gani kuutaja? Serah hajui. Nani atamwambia? Mimi nakufa nalo."

Alinitazama. Si kwa ubaya, lakini alinitazama kama mtu aliyechoka kubebwa.

"Umesema kweli," akasema. "Serah hafai kuipata kwa Thadei." Na badala ya kufuta mwezi wa tano, akauacha ujumbe kwanza, akampigia Serah.

Tulikuwa tumesimama kati ya magunia ya mchele na sanduku za viazi vitamu. Nilisikia simu ikiita upande wa pili. Nikageuka niondoke, kwa sababu mtu akifunua aibu yake wewe unatazama pengine, hivyo ndivyo nilivyofunzwa. Zephaniah akanishika mkono wa shati.

"Wapi? Simama hapa."

Nikasimama.

"Serah," akasema kwenye simu. "Ile shifti ya mwezi wa tano haikuwa shifti." Na akamwambia. Alimwambia yote, zile mbili za kwanza, zile sita, gari, kiti, na uongo wa asubuhi yake. Alisema polepole, bila kujitetea, na muda wote hakuniachia shati. Nilitazama chini. Nilikuwa nawaza Luton. Nilikuwa nawaza watoto wake wawili na mabegi yao mlangoni, na kwamba ningekaa kimya Jumanne, ningenunua chai kama mtu yeyote, hili lisingetokea leo.

Alipomaliza, akamsikiliza. Kisha akanipa simu. "Anakutaka."

"Shemeji," Serah akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Wewe ulijua hii ya mwezi wa tano?"

"Nimeijua sasa hivi, nje ya duka."

"Nilimwambia nitaenda kwa dada yangu."

"Ulimwambia."

"Nilikuwa nimepanga kila kitu, shemeji. Nitafunga nini, nitawaambia watoto nini. Nilipanga siku nitamnusa, siku nitapata kopo chini ya kiti." Sauti ikakatika, akaikohoa ikarudi. "Sikupanga siku ataniambia mwenyewe. Hiyo sikupanga. Sijui hata nifanye nini nayo."

Mimi pia sikujua, nikamwambia hivyo.

"Mlete nyumbani," akasema. "Na wewe usiishie mlangoni, kila siku unasimama hapo na viatu unasema una haraka. Uingie, ukae. Tutaongea sisi watatu. Hiyo safari yenu nitasema baadaye."

Akakata. Zephaniah hakuuliza amesemaje. Alikuwa anatazama vile vikombe vinne vya bati kana kwamba majibu yameandikwa humo.

"Amesema nikulete," nikamwambia. "Na mimi niingie ndani."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kuliko ilivyohitajika. Kisha akaingiza mkono mfukoni akanipa funguo za gari.

"Endesha wewe," akasema. "Mimi sioni njia vizuri."